Tenki la matumbawe: umeme umekatika, lita 36 za maji chumvi zikaishia sebuleni. Tuongelee mwendo wa maji kati ya tenki la juu na la chini

#1 FundiBomba_TA (mwanzisha uzi)

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Mimi ni fundi bomba hapa Tanga, naishi upande wa Raskazone. Kazi yangu ni mabomba ya watu: matenki ya kuinua, masinki, vyoo, pampu za visima. Mwaka jana nikajijengea tenki la maji chumvi la matumbawe. Kwa kuwa maji ndiyo riziki yangu, mabomba niliyapa siku mbili tu, akili yote nikaiweka kwenye taa na mawe. Usiku wa kuamkia Jumapili umeme ukakatika saa nane. Baada ya dakika kumi hivi mke wangu akaniamsha, anasema zulia linabubujika maji ukilikanyaga. Zulia bado liko kwenye kamba nikiandika haya, na kabati la runinga limevimba miguu.

Nieleze mpangilio wangu ili tuongee kitu kimoja.

Tenki la juu lina urefu wa sentimita 120, upana 60, kimo 55. Ukipiga hesabu ni lita 396, sema 400. Chini yake, ndani ya kabati, kuna tenki la pili la 90 kwa 45, kimo 40. Kwenye kona ya tenki la juu kuna kisanduku cha kioo chenye meno kama ya kitana. Maji ya juu yanapita kwenye meno, yanaingia kisandukuni, yanashuka kwa bomba hadi chemba ya kwanza ya tenki la chini yenye soksi za kuchujia, yanakwenda chemba ya pili yenye skima ya povu (kifaa kinachotoa uchafu majini kwa kutengeneza povu), yanapita kwenye vioo vitatu vilivyopandana ili mapovu yabaki nyuma, kisha yanafika chemba ya mwisho. Hapo ndipo ilipo pampu inayoyarudisha juu.

Sasa sikilizeni kosa lilipokuwa. Mdomo wa bomba la kurudisha niliuzamisha sentimita 12 chini ya uso wa maji, nikitaka maji yapige nyuma ya mawe. Pampu ikisimama, bomba lile lile lililokuwa linapandisha linageuka mpira wa kunyonyea mafuta kwenye tenki la gari. Linavuta maji ya juu kuyaleta chini, na haliachi mpaka mdomo wake ubwie hewa. Tenki langu lina eneo la 120 kwa 60, kwa hiyo kila sentimita moja ya kimo ni lita 7.2. Sentimita 12 ni lita 86. Ongeza lita kama 10 zilizokuwa kisandukuni na kwenye mabomba, unapata 96. Tenki la chini lilikuwa na nafasi ya sentimita 15 tu juu ya maji, yaani lita 60. Toa 60 kwenye 96, zilizobaki ndizo nilizozikausha kwa taulo hadi alfajiri.

Hesabu hii ni ya darasa la sita, na ningeweza kuifanya nimesimama dukani. Nilipima kila kitu kwa hali ya pampu ikiwaka. Kumbe mfumo huu unatakiwa upimwe kwa saa ile pampu imezima.

Marekebisho niliyofanya Jumapili: mdomo nimeupandisha, sasa uko sentimita 2 chini ya uso. Nikatoboa na tundu dogo kwenye bomba, karibu kabisa na uso wa maji, ili hewa iingie mapema na kuvunja mvuto. Sasa zinashuka lita 14 na kitu, pamoja na zile 10. Nimezima umeme wa pampu mara tano kwa makusudi, na kila mara maji ya chini yamesimama chini ya alama niliyoweka kwa utepe.

Mwenye tenki la namna hii, au anayefikiria kujenga, karibu tuchambue.

#2 BintiChumbageni

Pole sana kaka, na pole kwa shemeji. Mimi nina tenki dogo la lita 200, halijapata mwaka. Nina maswali mawili. Kwanza, kwa nini usifunge koki ya njia moja kwenye bomba la kurudisha, ile yenye kilimi ndani kinachozuia maji kurudi? Pili, bomba langu la kushushia linapiga kelele kama mtu anayesukutua, usiku kucha. Mama amesema tenki litoke sebuleni au atoke yeye.

#3 FundiBomba_TA

Ahsante dada. Mpe mama pole zangu, kelele hiyo ina dawa.

Koki ya njia moja nilikuwa nayo. Ndiyo maana nililala usingizi mzito! Asubuhi ya Jumapili niliifungua mezani. Kilimi cha mpira kilikuwa na ukoko mweupe wa chokaa kuzunguka ukingo, na pembeni yake vijumba viwili vya minyoo, vile vimirija vidogo vyeupe vinavyojikunja kama konokono, vimejishika pale pale kilimi kinapokaa. Uwazi uliobaki haukuzidi unene wa kucha. Kwa maji ya bomba la mjini koki ile ingedumu miaka, lakini maji ya bahari yana uhai na yana chokaa, kila kinachochezacheza ndani yake kitakuja kukwama. Funga ukitaka, ila tenki la chini lipange kama vile koki hiyo haipo.

Kelele sasa. Bomba linalosukutua ni lile linaloshusha maji na hewa pamoja. Bomba likijaa maji tupu, bila hewa, linakuwa saifoni kamili na linanyamaza kabisa. Tena linapitisha maji mengi zaidi, mara kadhaa ya lile lenye hewa la kipenyo hicho hicho. Shida ni kwamba bomba moja la saifoni ni hatari: likiziba, tenki la juu linafurika. Kwa hiyo watu wanaweka mawili. La kwanza linajaa maji na linadhibitiwa kwa koki. La pili ni la dharura, mdomo wake uko juu kidogo ya uso wa maji kisandukuni, limekaa wazi na halina koki yoyote. Wenzetu wa nje wanauita mtindo wa Herbie. Upo na ule wa BeanAnimal wenye mabomba matatu, ambapo la pili linachukua yale machache yanayozidi na la tatu linabaki kavu likisubiri. Kisanduku chako kina matundu mangapi?

#4 BintiChumbageni

Mawili. Moja la kushusha, moja la kupandisha.

#5 FundiBomba_TA

Basi la kupandisha litoe humo, lipite nyuma juu ya ukingo wa kioo. Tundu hilo lifanye la dharura.

#6 MzeeWaNgalawa

Assalaam aleikum vijana. Mie sina tenki, mjukuu wangu ndiye analo na ndiye kanionesha uzi huu. Nimevua kuanzia Mwambani hadi nje ya Ulenge tangu ujana wangu, na hivi sasa nawachotea maji watu wawili watatu wenye matenki.

Nataka kusema neno kuhusu mwendo wa maji. Tumbawe halina miguu. Chakula chake kinaletwa na maji, uchafu wake unaondolewa na maji. Nenda mwambani siku ya bamvua, maji yanapotoka: yanapita kwenye mikono ya matumbawe yale membamba kama mto. Saa sita zikipita yanageuka, yanakuja kwa upande wa pili. Siku za maji mafu mwendo unapungua, mchanga unatulia. Yale matumbawe ya mkondoni yana umbo lake, na yale ya ndani ya ghuba kwenye maji yaliyolala yana umbo jingine, mapana, yenye nyama nene. Ukimchukua wa ghuba ukamweka mkondoni anachanika. Sasa nikimwona mjukuu kaelekeza pampu moja, upande mmoja, mwaka mzima, namwuliza: wewe kusi na kaskazi yako iko wapi?

Na maji, msichote bandarini wala karibu na mdomo wa mto Zigi. Masika ikipiga, tope linatoka nje mpaka unaona mstari baharini, huku kahawia huku buluu. Tunachota maji yakiwa yamejaa, mbali na ukingo, mvua ikiwa imekaa siku kadhaa bila kunyesha.

#7 FundiBomba_TA

Aleikum salaam mzee wangu, shikamoo. Maneno yako nimemsomea mke wangu kwa sauti. Nimeweka pampu mbili za mawimbi ndani ya tenki, moja kila upande, zinapokezana. Zilikuwa zinabadilishana kila dakika chache. Nitajaribu kuzipa masaa, moja iongoze mchana na nyingine usiku, nione matumbawe yanafunguka vipi.

#8 Kaka_Pongwe

Mkuu FundiBomba, mimi nina tenki la lita 400 kama lako, na pampu ya kurudisha ya lita 6000 kwa saa. Fikra yangu ilikuwa kwamba maji yakipita kwenye chujio mara nyingi zaidi yatakuwa safi zaidi. Lakini soksi zinafurika siku ya pili, tenki la juu lina vumbi la mapovu madogo madogo muda wote, na skima inatoa maji maji badala ya uchafu mzito. Nimekosea wapi?

#9 FundiBomba_TA

Hujakosea peke yako kaka, wengi tunaanzia hapo. Kuna mienendo miwili ya maji na tunaichanganya kuwa mmoja.

Wa kwanza ni ule wa ndani ya tenki, anaousema mzee hapo juu, unaopiga matumbawe. Huo unahitajika mwingi, mara 20 ya ujazo wa tenki kwa saa, hata 40 kwa matumbawe magumu yanayopenda mkondo. Kazi hiyo ni ya pampu za mawimbi, hazigusi tenki la chini kabisa. Wa pili ni wa kwenda chini na kurudi. Huo mara 3 hadi 5 kwa saa unatosha, maana kazi yake ni kupeleka uchafu kwa skima na kurudisha maji yaliyopata hewa. Skima yako inakunywa kiasi gani kwa saa? Kama ni lita 1500, ukiipitishia 4000, nyingi zinapita mlangoni bila kuingia. Na maji yakikimbia kwenye vioo vya kuzuia mapovu, mapovu hayapati muda wa kupanda, yanabebwa hadi kwenye pampu na kurudishwa juu. Hilo ndilo vumbi unaloliona.

Halafu usiamini namba ya kwenye boksi. Pampu yangu imeandikwa 4000. Hiyo ni kama inasukuma bila kupanda popote. Yangu inapandisha kimo cha mita 1.4 na kupita kona nne. Nilimpa mwanangu simu ahesabu sekunde, nikashika ndoo ya lita 10 yenye alama, nimeinua hadi kimo kile kile cha mdomo wa bomba, nikaelekeza mdomo ndani. Ikajaa kwa sekunde 18. Piga: lita 10 kwa sekunde 18 ni lita 2000 kwa saa. Nusu ya boksi! Kwa tenki la lita 400 ni mara 5, na nimeiacha hapo hapo. Tulipima mara tatu, na mara ya tatu mtoto ndiye aliyeshika ndoo maana mikono yangu ilikuwa inatetemeka.

Ukitaka kupunguza ya kwako, koki iwe upande wa kutokea pampu. Usibane upande wa kuingilia, pampu itanyonya kwa taabu, itapiga kelele na kupata joto. Kama ni pampu yenye kidhibiti chake cha kasi, punguza huko huko.

#10 NyumaYaUlenge

Nimefuatilia kwa makini. Naongeza mawili, na moja napingana kidogo na fundi.

La kupingana: hiyo "mara 5" isichukuliwe kama amri. Nimeona matenki yanayokwenda mara 3 yana matumbawe yenye afya na yanayokwenda mara 10 pia yana afya. Kinachoharibu ni mwendo unaobadilika badilika: leo 2000, wiki ijayo 1400 kwa sababu pampu imejaa chokaa, kisha unaisafisha unarudi 2000. Skima inapangwa kwa kimo fulani cha maji, kimo kikicheza nayo inacheza. Kwa hiyo pampu iloweke kwenye siki nyeupe iliyochanganywa na maji kila baada ya miezi miwili au mitatu, toa rota (ile sehemu inayozunguka ndani), piga mswaki, suuza. Usisubiri ilalamike.

La pili ni joto. Wati karibu zote za pampu iliyozama huishia kuwa joto ndani ya maji. Huku kwetu Januari hadi Machi chumba kinapita nyuzi 30 bila msaada wa pampu yoyote. Kaka wa Pongwe, pampu yako kubwa inakuchemshia tenki. Elninyo ya mwaka 1998 iliyapausha na kuyaua matumbawe mengi ya pwani ya Afrika Mashariki, na chanzo kilikuwa maji kupanda joto kwa nyuzi chache tu juu ya kawaida kwa wiki kadhaa. Tenki la lita 400 linafika huko kwa mchana mmoja. Feni inayopuliza uso wa maji kwenye tenki la chini inashusha nyuzi 2 hadi 3, ila inakausha maji haraka. Hilo mliongelee.

Nawaomba kwa dhati kabisa, msing'oe matumbawe hai mwambani. Matumbawe magumu yako kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, Kiambatisho cha Pili, na maji ya kusini mwa mji wetu yamo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti tangu 2009. Miamba hii imepigwa baruti miaka mingi, bado inajikusanya. Nendeni ofisi ya uvuvi muulize vibali kabla ya kushika chochote.

#11 FundiBomba_TA

Nimekuelewa ndugu, na kuhusu mwendo usiobadilika nakubali, umesema vizuri kuliko mimi. Vipande vyangu vyote vimekatwa kwenye tenki la mfugaji wa Dar mwenye karatasi zake. Sikung'oa hata kimoja baharini.

#12 BintiChumbageni

Kaka nimefanya kama ulivyoelekeza. Nimeweka bomba la dharura na koki kwenye lile la kwanza. Lakini saifoni haishiki. Maji yanashuka na hewa, dakika tano yananyamaza, kisha linapiga ghuuu moja kubwa, kisanduku kinakauka, linaanza upya. Nimeshinda chini ya kabati mpaka shingo inauma.

#13 FundiBomba_TA

Pole dada. Niulize: mwisho wa bomba la kwanza, kule chini, umezama kiasi gani ndani ya maji ya chemba? Na koki uliyofunga ni ya namna gani, ya mkono unaogeuka robo mzunguko, au ya gurudumu?

#14 BintiChumbageni

Umezama kama shibiri moja. Koki ni ya mkono.

#15 FundiBomba_TA

Umepata majibu yote mawili basi.

Shibiri ni nyingi mno. Bomba linapoanza limejaa hewa, na hewa hiyo lazima isukumwe itoke kule chini. Mwisho wa bomba ukizama sana, maji hayana nguvu ya kuisukuma, inabaki imenasa katikati. Kata bomba lizame sentimita 2 au 3 tu. Umeme ukirudi utasikia linatapika mapovu nusu dakika, kisha linatulia lenyewe.

Koki ya mkono inafaa kufunga na kufungua, haifai kuratibu. Ukiigusa kidogo imepita. Tafuta ya gurudumu, ile ya geti, ambayo unaizungusha mara nyingi kidogo kidogo. Lakini tafadhali sana, iwe ya plastiki! Za gurudumu zilizojaa maduka ya vifaa Ngamiani ni za shaba nyeupe na njano, nzuri kwa maji ya nyumbani. Shaba ikiyeyuka kwenye maji chumvi, hata kidogo, inaua kamba, konokono na matumbawe, na ikishaingia kwenye mawe haitoki kirahisi. Hata klipu na skrubu zinazogusa maji ziangalie. Za plastiki mimi niliagiza Dar, zilikuja na basi.

Ukishaifunga, fungua yote, washa pampu, acha saifoni ishike. Kisha anza kubana, robo mzunguko, huku unaangalia maji ndani ya kisanduku. Yakiwa yanashuka na bomba linaanza kufyonza hewa, bana. Yakiwa yanapanda kuelekea bomba la dharura, legeza. Ukikaribia, acha robo, tumia upana wa kidole kwenye gurudumu. Gusa, ondoka, kanywe chai, rudi baada ya dakika kumi. Kimo cha kisanduku kinachelewa kujibu, na mtu akikaa pale anazungusha zungusha hatafika. Mimi napenda maji yakae sentimita moja na nusu chini ya mdomo wa dharura. Bomba la dharura likianza kuimba, hiyo ndiyo kengele yako kwamba la kwanza limepungukiwa njia.

#16 Mama_Sahare

Hamjambo wanangu. Niwaeleze ya kuongeza maji, maana hapo juu mliambiwa muyaongelee mkayaacha.

Kinachokauka ni maji, chumvi inabaki. Kwangu feni ikiwaka zinapotea lita 6 kwa siku. Na kimo cha tenki la juu hakishuki hata kidogo, kwa sababu meno yamekishikilia. Kinachoshuka ni chemba ya pampu tu. Kwa hiyo ukiona chemba hiyo imeshuka, ongeza maji baridi, yasiyo na chumvi, yaliyochujwa kwa mashine ya osmosisi. Usiongeze ya chumvi.

Nilichoka kumimina kila asubuhi nikafunga boya, kama la choo, limeunganishwa na pipa la lita 100 lililo juu ya kabati. Miezi minne raha tupu. Siku moja nimerudi toka msibani Pangani, nikakuta konokono mdogo kajibana kati ya boya na kioo, boya limeshindwa kupanda, na pipa zima limeshuka. Sakafu yote maji, na kipimo cha chumvi kilichokuwa 35 kinasoma 30. Matumbawe laini yalijikunja kama ngumi siku tatu. Nilirudisha chumvi pole pole kwa siku hizo hizo, na yakafunguka, ila kamba wangu wawili sikuwaona tena. Mmoja nilikuwa nimemlea tangu akiwa wa ukubwa wa ukucha.

Sasa natumia ndoo ya lita 20. Hata ikimwagika yote, mfumo wangu wa lita 450 utashuka kutoka 35 hadi 33 na nusu, wataishi. Na tenki la chini lina nafasi ya kuzipokea. Boya nimelizungushia kikapu cha plastiki.

#17 FundiBomba_TA

Shikamoo mama, pole kwa kamba wako. Hesabu ya ndoo ni hesabu ile ile ya umeme, nami sikuwa nimeifikiria. Kesho napunguza pipa langu.

#18 Kaka_Pongwe

Nimebana koki ya upande wa kutokea hadi ndoo ya lita 10 ikajaa kwa sekunde 20, yaani 1800 kwa saa. Mapovu yameisha usiku ule ule. Soksi sasa nabadilisha kila siku ya tatu, naziosha na kuzianika juani. Skima nimeiacha bila kuigusa siku nne, imeanza kutoa kitu chenye rangi ya chai ya rangi. Swali: nimefanya jaribio la kuzima umeme, nimepita. Kuna jaribio jingine kabla sijaweka samaki?

#19 FundiBomba_TA

Lipo, na ni kinyume cha lile. La kwanza linauliza: maji yote ya juu yakishuka, chini kutafurika? La pili linauliza: njia ya kushuka ikiziba na pampu ikaendelea, juu kutafurika?

Pima chemba yako ya pampu. Yangu ni 30 kwa 45, na pampu inaweza kunyonya sentimita 20 za maji kabla haijaanza kubwia hewa. Hizo ni lita 27. Gawa kwa 7.2 unapata sentimita 3 na robo tatu. Kwa hiyo tenki la juu lazima liwe na nafasi ya zaidi ya sentimita 4 kati ya uso wa maji na ukingo wa kioo. Ndiyo maana chemba ya pampu isiwe kubwa, hata kama inakulazimu kuongeza maji mara kwa mara.

Usiishie kwenye hesabu. Ziba bomba la kwanza kwa kitambaa, uone la dharura linabeba mwendo wote peke yake. Kisha ziba yote mawili, simama na mkono kwenye swichi, uone maji yanaishia wapi. Fanya mchana, na mtu wa pili awe karibu. Wakati huo huo pima na saa: umeme ukirudi, pampu inawaka yenyewe na saifoni inashika yenyewe bila wewe kuwapo? Rudia mara kumi.

Na umeme ukikaa sana bila kurudi, kinachoua kwanza ni kukosa hewa. Pampu ndogo ya hewa ya betri inatosha kuwavusha usiku.

#20 BintiChumbageni

Kaka, taarifa kutoka Chumbageni.

Koki ya geti ilifika jana kutoka Dar. Bomba nimekata, limezama sentimita mbili na nusu. Saifoni imeshika mara ya kwanza, ikatapika mapovu, ikanyamaza. Nilidhani pampu imezima, nikaweka sikio kwenye kioo. Mama alitoka jikoni kuuliza kama samaki wamekufa.

Leo asubuhi bomba la dharura likaanza kuimba. Nikakumbuka kengele yako. Nikafungua kisanduku, kumbe konokono kaingia mdomoni mwa bomba la kwanza, kajibana nusu ndani, na gamba lake limeziba kama kizibo. Nilimtoa kwa koleo la nyusi. Nimeweka kichujio cha plastiki chenye matundu mapana mdomoni mwa bomba lile.

Kisha nikafanya jaribio la kuziba yote mawili, mdogo wangu akiwa kwenye swichi. Maji yalipanda sentimita 3 na nusu, pampu ikaanza kukoroma, yakasimama. Yalibaki sentimita moja tu kufika ukingo. Naona ni kidogo. Nipunguze meno ya kisanduku, au nigawanye chemba ya pampu?

#21 FundiBomba_TA

Meno usiyaguse dada, ukikata kioo hakirudi. Gandisha kipande cha kioo katikati ya chemba ya pampu, kiwe kifupi kuliko kimo cha maji kwa sentimita tano. Pampu ikishusha maji hadi hapo, yale ya upande wa pili yatabaki yamezuiliwa. Gundi iwe silikoni ya matenki ya samaki, isiyo na dawa ya kuvu. Iache siku mbili ikauke kabla ya kujaza.

Jumamosi nina kazi karibu na kwenu, nikimaliza saa tisa nitapita na kikata kioo. Nipimie upana wa ndani wa chemba kwa milimita, juu na chini, maana mara nyingi havilingani.

#22 BintiChumbageni

Juu 248, chini 246. Mama anasema ukija utakula kwanza.